Brashi ya Kuchora Kutu ya Kahawa

Nilistaafu mwezi uliopita, na kila ninayekutana naye huku Ngoingwa ananiuliza nilipanda vyeo vingapi. Vyeo vilikuja kwa barua, na barua ziko kwenye faili, anayezitaka akazisome. Ninyi mnaobaki kwenye zile meza nne za dirishani nataka kuwaandikia kuhusu brashi. Nilichora magonjwa ya mimea maisha yangu yote ya kazi, kwanza kwa rangi ya maji juu ya karatasi, halafu kwa kalamu isiyo na wino juu ya kibao cha kompyuta, na mpaka leo nikifikiria brashi ya kompyuta inavyofanya kazi, nashangaa kama mtu aliyeiona jana.

Kama barua hii itaangukia mikononi mwa mtu asiyetujua, kazi yetu ni hii. Ofisi yetu hapa Thika inatengeneza mabango na vijitabu vya wakulima. Mkulima anaona doa kwenye jani, analichuma, analipeleka kwenye bango lililobandikwa kwenye fakitori ya kahawa, pale wakulima wanapopimia mavuno, anafananisha, anajua ni ugonjwa gani na dawa ni ipi. Picha za kamera zilijaribiwa mara nyingi na mara nyingi zikashindwa, kwa sababu kamera huchukua kila kitu: kivuli, vumbi, hata siafu aliyekuwa akipita na shughuli zake. Mchoraji huacha vitu. Sisi tuliajiriwa kuacha vitu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Barasa. Alitoka Kakamega akiwa kijana, akachora maua ya vitambaa kwenye kiwanda cha nguo, kisha akaletwa kwenye mimea. Alikuwa na vidole vinene vya mtu wa kubeba magunia, na ndivyo hivyo vilivyochora mishipa ya jani myembamba kuliko unywele. Nilifika na cheti changu cha sanaa ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinipa brashi moja, kikombe cha maji, na kipande cha ubao uliopakwa rangi nyeusi.

"Rangi iko wapi, mzee?" nikauliza.

"Rangi ya nini? Kwanza tuone kama wewe na brashi mtasikizana."

Nilichora mistari ya maji asubuhi nzima, na ilikuwa ikikauka kabla sijafika mwisho wa ubao. Barasa alipita, akasimama nyuma yangu, akasema neno moja: "Unasukuma." Baada ya chakula cha mchana alisema mawili: "Bado unasukuma."

Alichotaka nijue ni kwamba brashi ina tumbo. Maji yanakaa tumboni na kutokea nchani. Ukikandamiza, tumbo linafunguka na mstari unanenepa. Ukiinua mkono, unakonda. Ukienda mbio, maji hayapati nafasi ya kushuka, mstari unakwaruza na kuacha mapengo. Ukilaza brashi upande, unapata kitu kingine kabisa. Nguvu ya mkono, mwendo, na namna ulivyoishika: hayo tu. Nilidhani nimeyaelewa siku ile. Mkono wangu uliyaelewa baada ya mwaka hivi.

Mashambani tulienda sana, hasa upande wa Ruiru, ambako bado kulikuwa na kahawa nyingi kabla nyumba za kupangisha hazijaanza kuota katikati ya mistari ya miti. Jani lililochumwa saa nne asubuhi Ruiru, likifika Thika saa nane limebadilika rangi, hata ulifunge kwenye gazeti lenye maji. Kwa hiyo nilijifunza kuandika rangi palepale shambani, pembeni mwa karatasi, kwa maneno yangu mwenyewe: "ndizi iliyoiva juzi", "chai iliyonyimwa maziwa". Barasa alizisoma siku moja akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaanza kuandika vivyo hivyo, bila kukiri.

Miaka mingi ikapita kwa namna hiyo. Halafu akaja Njoki.

Njoki alikuwa mama wa watoto wawili, amefundisha uchoraji wa kompyuta chuoni, na aliletwa kutuhamisha kutoka kwenye karatasi. Aliweka mezani kwangu kitu bapa cheusi, kama sinia ya chai, na kalamu ya plastiki. Sinia ile ndiyo tableti. Unachora juu yake, na mstari unatokea kwenye skrini iliyo mbele yako. Mkono huku, macho kule. Nilijihisi kama mtu anayejinyoa huku ndevu zinazoanguka ni za jirani.

"Usikandamize hivyo, Mama Ciku," Njoki aliniambia. "Utatoboa meza."

Mimi, niliyekaripiwa kwa kusukuma nikiwa msichana, nilikuwa nimerudi kusukuma na mvi kichwani. Kila mstari ulitoka mnene kama kamba ya ng'ombe. Barasa, aliyekuwa karibu kustaafu, alikaa na chai yake akitazama, na nilijua lile jicho lake. Lilikuwa linasema kwamba mashine haina tumbo.

Siku ya tatu nilimwambia Njoki ukweli. "Mimi siwezi kutumia kitu nisichojua kinafanya nini ndani. Brashi ya Mzee Barasa naijua. Hii yako inachora na nini?"

Njoki alifungua dirisha la mipangilio ya brashi, akatafuta mahali palipoandikwa "nafasi", akavuta kile kitufe kutoka kushoto kwenda kulia. "Haya, chora mstari sasa."

Nilichora. Mstari haukutokea. Palitokea vidoa, kimoja baada ya kingine, vimejipanga kama shanga zilizokatika uzi.

"Rudisha kidogo," akasema. Nikarudisha. Vidoa vikasogeleana. Nikarudisha tena, vikagusana. Nikarudisha mpaka mwisho, nikachora, na mstari ukawa mstari, laini, bila pengo.

Nilikaa nikiutazama. "Kwa hivyo hakuna mstari."

"Hakujawahi kuwa na mstari," Njoki akasema. "Ni muhuri. Kompyuta inapiga muhuri, inasogea kidogo, inapiga tena. Imepiga mamia kabla hujainua mkono. Na kila ikipiga inakuuliza: umekandamiza kiasi gani sasa hivi? Umeilaza kalamu vipi? Unaenda mbio ama polepole? Kisha inapiga kulingana na jibu lako."

Barasa aliweka kikombe chini. "Inauliza?"

"Kila muhuri, mzee."

Alinyanyuka, akavuta kiti, akachukua kalamu kwa vile vidole vyake. Alichora mstari mmoja kutoka juu hadi chini, akianza kwa kugusa tu, akakandamiza katikati, akainua mwishoni. Ulitoka mwembamba, ukanenepa, ukakonda mpaka ukapotea. Ulikuwa mshipa wa jani la kahawa, hakuna mtu angekataa.

"Ngai," Njoki akasema polepole. Tangu aje kwetu hakuwa amemwona mtu akichora hivyo kwa mara yake ya kwanza.

Barasa aliigeuza ile kalamu akaitazama ncha yake, akitafuta, nadhani, mahali tumbo lilipofichwa. "Sasa huyu aliyeitengeneza," akasema, "alikaa na brashi ngapi za kweli ndiyo ajue maswali ya kuuliza?"

Swali hilo limekaa nami miaka yote. Mtu fulani, mahali fulani, alilitazama tumbo la brashi kwa makini kama Barasa, akaligeuza kuwa hesabu. Sikuwahi tena kuiita ile sinia mashine tu.

Barasa alistaafu muda mfupi baadaye, akahamia kwa mwanawe huko Witeithie. Mimi nilizama. Nilijifunza kwamba muhuri unaweza kuwa umbo lolote: ukiskani kipande cha gunia ukakiingiza kwenye kompyuta, brashi yako itachora magunia. Nilijifunza kwamba unaweza kuuambia muhuri ugeuke kufuata mkono unakoelekea, kama ng'ombe anavyofuata njia, na nywele za shina la nyanya zitalala zenyewe upande unaotakiwa. Nilijifunza tofauti iliyowasumbua wengi wenu: kuna kipimo cha rangi inayotoka kila muhuri unapopigwa, na kuna kipimo cha dari, ambacho mstari wote hautakipita hata ukirudia pale pale bila kuinua mkono. Cha kwanza ni bomba, cha pili ni ukingo wa ndoo. Mkivichanganya mtapata kivuli chenye madoa na mtailaumu tableti.

Ndipo likaja bango la kutu ya majani ya kahawa.

Kutu ni ugonjwa mnaoujua. Juu ya jani unaona doa la njano hafifu, ukiligeuza unakuta unga wa rangi ya chungwa. Unga huo ni mgumu kuchora. Kwa brashi ya kawaida nilikuwa nikiuchora nukta kwa nukta, siku mbili jani moja. Safari hii nilichuma jani lenye kutu, nikalibandika juu ya utepe wa gundi unaopitisha mwanga, nikalibandua unga ukabaki, nikaubandika ule utepe kwenye karatasi nyeupe, nikaiskani ile karatasi. Ule unga wenyewe ukawa muhuri wangu. Nikauambia utawanyike pembeni ya mstari, ukubwa wake ubadilike badilike, ujigeuze ovyo. Halafu, na hapa msikilize vizuri, nikafungua kipimo kimoja zaidi: nikaambia kila muhuri uyumbishe rangi yake kidogo, huku na huku, wenyewe.

Nilipitisha kalamu mara moja kwenye jani na unga ukamwagika. Niliita ofisi nzima. Haukuwa umechorwa, ulikuwa umeota. Mtaalamu wetu wa magonjwa aliinama mbele ya skrini akasema hajawahi kuona kutu nzuri namna ile, sifa ambayo ukiifikiria vizuri ni ya ajabu. Nakala za majaribio zikachapishwa, zikapelekwa kwenye fakitori moja nje ya Ruiru ili wakulima waziangalie kwa muda kabla bango halijasambazwa.

Baada ya majuma kadhaa karani wa fakitori alipiga simu. Kuna mkulima, Mzee Ndung'u, anataka kumwona aliyechora.

Nilienda nikidhani nitasifiwa. Siwafichi.

Mzee Ndung'u alinipokea kwa adabu nyingi, akanipa kiti, akaita chai. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, amevaa koti zito juani. Baada ya chai akasema, "Twende shamba, madam."

Sehemu ya chini ya shamba lake ilikuwa uchi. Miti ilisimama na matawi matupu, matunda machache mabichi yakining'inia bila jani la kuyafunika. Chini majani yalikuwa zulia. Sikuhitaji kuokota hata moja ili nijue.

"Kutu," nikasema.

"Eeh. Sasa najua." Alitoa nakala yetu mfukoni, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti. Akachuma jani kwenye mti uliobaki na machache, akaligeuza, akalilaza kando ya mchoro wangu. "Mimi niliiona mapema, ikiwa kwenye miti miwili tu. Nikaenda kuangalia picha. Nikaweka jani hapa hivi. Hebu niambie wewe unaona nini."

Niliinama. Kwenye skrini, kwa mbali, macho yangu yalikuwa yamechanganya zile nukta zote zikawa rangi moja ya chungwa. Lakini mkulima haangalii bango kwa mbali. Analisogelea mpaka pua inagusa. Na kwa karibu, kwenye karatasi, kila nukta ilikuwa na rangi yake: hii kahawia, hii ya udongo, hii njano inayoelekea kijani. Chungwa ilikuwepo, ndiyo, hapa na pale. Jani la Mzee Ndung'u lilikuwa chungwa tupu.

"Nikasema, hii yangu sio hiyo," akaendelea. "Hiyo ya picha ni kahawia. Kuna ugonjwa mwingine wa madoa ya kahawia, huo haunisumbui. Sikupiga dawa. Nikangoja."

"Ni mimi, mzee. Niliiambia brashi iyumbishe rangi."

"Iyumbishe kwa nini?"

"Ili ipendeze."

Hakupandisha sauti. "Kahawa haikuwa imeomba kupendeza," akasema.

Mavuno ya sehemu ile ya shamba yalipotea msimu ule, na mimi ndiye niliyechangia. Nawaandikia hili wazi kwa sababu mkubwa wetu aliliandika kwenye ripoti kwa maneno laini mno. Nakala zote za majaribio tulizikusanya mimi na Njoki, moja moja, kwa mikono yetu.

Kesho yake baada ya kuonyeshwa shamba, nilirudi na Njoki kwa Mzee Ndung'u, tukiwa na kompyuta na ile tableti. Nilimwomba kitu kimoja: akae nami mpaka nipate rangi. Nilitegemea anifukuze. Alituwekea meza barazani, akaenda shambani, akarudi na majani kofia nzima.

Nilifungua ile brashi mbele yake na kuanza kuzima vitu. Kuyumba kwa rangi nilikuzima kwanza. Nilichora. Akatikisa kichwa: "Imekuwa moja sana, kama rangi ya lori." Alisema kweli. Unga wa kutu haufanani kote. Katikati ni mzito, pembeni umefifia. Lakini haubadiliki ovyo. Unabadilika kwa sababu. Nilimwomba achague majani mawili, moja lenye unga mzito kabisa, moja lenye unga unaoanza. Nikachukua rangi hizo mbili, nikaiambia brashi: nikikandamiza, piga hii, nikigusa tu, piga ile, katikati, changanya. Kutawanyika nikakuacha. Ukubwa kubadilika nikauacha. Bahati nasibu ikabaki kwenye umbo, ikaondoka kwenye rangi.

"Punguza," Mzee Ndung'u alikuwa akisema. "Hapo umezidisha. Rudi. Hapo. Hapana, ulipita." Njoki alikuwa akinong'ona kwamba amefundisha wanafunzi miaka kumi na hajapata mwenye jicho kama lile.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa baraza tulipoipata rangi. Nilipitisha kalamu mara moja, kwa mkono mwepesi, nikikandamiza katikati. Wakulima wana njia yao ya kuhakikisha kutu: wanapitisha kidole kwenye jani, wanaangalia kama unga umebaki kidoleni. Mzee Ndung'u alinyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya skrini, akakigeuza akakitazama.

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe aliendelea kukitazama kile kidole kisafi, kisha akaangalia tableti, kisha akaniangalia mimi. "Na hakuna kitu ndani ya hii?" akauliza. "Hakuna unga?"

"Hakuna, mzee. Ni muhuri, unapigwa mara nyingi sana."

"Aii," akasema taratibu. Akanyoosha mkono kwa kalamu. "Hebu nijaribu."

Akajaribu. Aligusa kidogo, unga hafifu ukatokea. Akakandamiza, ukawa mzito. Alifanya hivyo mara nyingi, akijaza jani zima, midomo ikiwa wazi kidogo, kama anayesikiliza. Mtu yule alikuwa amepoteza miti yake kwa huu ugonjwa, na kwa picha yangu, na sasa alikaa akiuchora kwa upole. Mimi nilitoka nikasimama uani kidogo.

Alipomaliza alisema, "Sasa hii ni ugonjwa." Ndiyo idhini pekee ya kazi ninayoikumbuka neno kwa neno.

Miti yake aliikata matawi, akapiga dawa kwa wakati, na baada ya misimu miwili sehemu ya chini ilikuwa na majani tena. Tangu siku ile hakuna bango la kahawa lililotoka ofisini kwetu bila kupita kwenye baraza lake. Alituchelewesha sana na alikuwa sahihi kila mara isipokuwa mara moja, na hata hiyo moja bado anaibishia. Brashi yenyewe mnayo, iko kwenye folda ya pamoja. Msiifungulie kuyumba kwa rangi. Nyingine zifungulieni mnavyotaka, zina maajabu ambayo mimi sikuyafikia.

Wiki yangu ya mwisho nilipeleka bango jipya kwenye ile fakitori mwenyewe. Nililibandika ukutani karibu na mizani, nikasogea pembeni kutafuta maji ya kunawa gundi. Mama mmoja akaingia na ndoo, amevaa viatu vya gambuti vyenye matope. Alitoa jani kwenye mfuko wa aproni, akaligeuza, akalibandika kwa kidole gumba kando ya mchoro. Akasogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akahamisha jani upande wa pili, akaangalia tena.

"Ni yenyewe," akasema, si kwangu.

Aliacha ndoo pale pale, akatoka karibu mbio, na nikamsikia nje akimwita mtu kwa sauti alete pampu ya dawa.